Kura Tatu: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama Huko Hale



Barua yenu ilisema kwamba mwataka kusikia habari za ule uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambao wazee wauita uchaguzi wa kura tatu; na ya kuwa sababu ya kutaka hivyo ni ubishi uliozuka hapa kati ya vijana wawili, mmoja akisema kwamba mwaka 1958 kila Mwafrika alipiga kura, na mwenzake akisema kwamba hapana Mwafrika aliyepiga. Wote wawili walikosea. Wala hatuoni kwamba aibu ni yao. Ni yetu sisi tulioishi na mafaili miaka mingi, tukayafuta vumbi na kuyapanga, bila ya kuwaeleza vijana yaliyomo ndani.

Basi na tuanze mbali kidogo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza kukutana mwaka 1926, wala hapakuwa na Mwafrika ndani yake hata ulipofika mwaka 1945. Mwaka ule waliingia wawili: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha. Hawakuchaguliwa na watu. Waliteuliwa na Gavana. Kabla ya hapo, mtu mweusi aliyetaka neno lake lifike juu aliandika barua kwa heshima nyingi, akangoja. Au aliitwa. Mwaka 1931 waliitwa watatu kwenda London kutoa maneno yao mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Na mmoja wao alikuwa mtu wa jimbo letu hili hili la Tanga, Bwana Martin Kayamba, karani. Ndiye aliyeanzisha mjini Tanga, mwaka 1922, chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, ambamo Mwislamu na Mkristo walikaa meza moja na kusoma gazeti moja. Twamtaja kwa kuwa sisi tulioshika kalamu tu watoto wa chama kile, tupende tusipende. Lakini angalieni tofauti: Bwana Kayamba aliulizwa maoni yake. Hakupiga kura. Kuulizwa ni ihsani ya anayeuliza, naye aweza siku ya pili asiulize.

Mwaka 1955 Baraza lilipanuliwa, na viti vya wajumbe wasio wa Serikali vikawa 30, vikagawanywa sawasawa: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Maneno hayo yasikika kama haki, maana kumi ni sawa na kumi. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapata 20,000. Karani ye yote wa hazina aliyejifunza kugawanya aweza kuona mwenyewe Mzungu mmoja alipewa sauti ya watu wangapi.

Kisha ikaja sheria ya uchaguzi. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo likapewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Hapa ndipo penye jambo lenyewe, nasi twaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu wengi husimulia nusu tu. Hawakuwatenga wapiga kura. Hawakusema Mwafrika amchague Mwafrika, na Mhindi amchague Mhindi. La. Walisema kila mpiga kura, awe wa rangi yo yote, apige kura tatu, moja kwa kila kiti. Na ya kuwa anayepiga moja au mbili tu, karatasi yake ni bure, haihesabiwi. Yaani Mzigua wa Handeni aliyetaka kumpa kura Mwafrika mwenzake alilazimishwa kwanza kumchagua Mzungu na Mwasia pia. Na bwana shamba wa mkonge hapa Hale aliyetaka kumpa kura Mzungu mwenziwe alilazimishwa naye kumchagua Mwafrika.

Waliotunga sheria hii walikuwa na shabaha yao. Walifikiri kwamba mtu anayehitaji kura za rangi zote atasema kwa upole, na wakali wataachwa nje. Mwaka 1956 ulikuwa umekwisha kuzaliwa chama cha United Tanganyika Party, kilichohubiri usawa wa viti kwa rangi zote, na Serikali haikukichukia. Chama cha TANU, kilichoanza tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa na watu wengi sana, lakini wengi wao wasio na mali wala cheti. Nani basi angepata kura?

Jibu la swali hilo halikuwa katika sanduku la kura. Lilikuwa katika daftari. Sheria ilisema kwamba atakayeandikwa sharti awe na umri wa miaka 21, awe ameishi katika nchi, na zaidi ya hayo awe na mojawapo ya mambo haya: mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au masomo ya kufika darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria, kama vile uchifu. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi. Na tuitazame Hale yetu kwa sheria hiyo. Mtu aliyeamka usiku akaingia shambani na kisu chake, akakata majani ya mkonge, akayafunga mafungu na kuyapanga, akarudi na mikono imechomwa na utomvu na miiba. Mtu aliyetoka Ubena au Urundi au Umakonde, akaitwa manamba kwa sababu alihesabiwa kwa namba. Huyo hakuifikia shilingi 250 kwa mwezi, wala hakuikaribia. Mkewe hali kadhalika. Mzee wa Kizigua au wa Kibondei mwenye migomba na mbuzi, anayeamua kesi za kijiji kizima na kusikilizwa, asiye na cheo cha Serikali wala cheti cha shule, hakuandikwa. Katika nchi nzima walioandikwa, rangi zote pamoja, hawakufika 60,000.

Nani aliyeandikwa kwa Waafrika wa mahali kama hapa? Mwalimu wa shule. Mganga msaidizi wa hospitali. Karani wa reli, karani wa posta, karani wa boma, karani wa ofisi ya shamba. Sisi! Hata karani kijana ambaye mshahara wake haukufika 250 aliingia kwa cheti cha darasa la nane. Mzungu aliyefikiri kwamba cheti kitawachuja wakorofi alikuwa amesahau kwamba ndicho cheti kile kile kilichowafundisha watu kusoma magazeti.

Lakini kulikuwa na fundo jingine, na pengine wengi wenu hamlijui. Tangu mwaka 1953 Serikali ilikuwa imekwisha kutoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa African Association, na TANU ilipozaliwa katazo lile liliiangukia nayo. Basi tazameni hali ya karani wa mwaka 1958. Sheria moja yamwambia: wewe ndiwe mwenye haki ya kupiga kura, kwa kuwa umesoma. Waraka mwingine wamwambia: usikanyage mkutano wa chama, usiwe na kadi, usije ukapoteza kazi na kiinua mgongo. Mkata mkonge alikuwa na kadi ya TANU mfukoni na hakuwa na kura. Karani alikuwa na kura na hakuwa na kadi. Kila mmoja alishika nusu ya kitu kimoja.

Ndiyo sababu twasema, na hili ndilo neno kubwa tulilokuja nalo, kwamba kura ya karani katika mwaka ule haikuwa mali yake peke yake. Aliishika kama mtu anavyoshika amana ya jirani aliyesafiri. Tulipokuwa vijana kazini, mzee mmoja aliyekuwa karani katika jimbo hili alituambia kwamba kabla ya siku ya kura wakataji walimjia nyumbani usiku, watatu, hawakutaka kuketi. Wakamwuliza tu, "Bwana karani, utatuandikia nini?" Hawakusema utapiga nini, walisema utatuandikia, kama vile walivyomwendea siku zote kuandikiwa barua za kwao. Mzee yule alicheka aliposimulia, halafu akanyamaza kitambo.

Tumekwisha kwenda mbele kuliko kalenda, turudi. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itaingia katika uchaguzi huo au itaususia. Mjadala ulikuwa mkali. Wengi walitaka kususia, nao hawakuwa wajinga: sheria imejaa ubaguzi, masharti yamewatupa nje wanachama wetu, viti vimegawanywa kwa rangi, na juu ya yote twalazimishwa kumpigia kura mtu tusiyemtaka ili kura tunayoitaka isife. Bwana Julius Nyerere aliwataka waingie. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kumeza: tukikaa nje, viti vyote 30 vitachukuliwa na wengine, nao watasema Baraza limechaguliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliopinga wangeweza kuuliza, nao walikuwa na haki ya kuuliza, ni nani aliyekiweka mvunguni? Mwishowe mkutano uliamua kuingia, na Bwana Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake cha African National Congress.

Sisi hatumcheki Bwana Mtemvu. Ni rahisi leo, matokeo yakiwa yanajulikana, kusema kwamba uamuzi wa Tabora ulikuwa wa busara. Siku ile haukuwa na hakikisho lo lote. Mtu aliyekubali kura tatu alikubali kwa mkono wake jambo alilolihubiri kuwa dhuluma, kwa matumaini kwamba dhuluma ile ingeweza kugeuzwa na kutumiwa kinyume. Mara nyingi matumaini ya namna hiyo hufa njiani.

Sasa twaomba karatasi na kalamu, kwa maana jambo hili laonekana vizuri kwa hesabu. Chukueni daftari la mfano lenye watu 100: Waafrika 60, Waasia 25, Wazungu 15. Wanasimama Wazungu wawili kugombea kiti cha Mzungu. Wa kwanza apendwa na Wazungu wote 15, na nusu ya Waasia wamfuata. Wa pili hapendwi na Mzungu hata mmoja, lakini amesema maneno ambayo Waafrika wameyakubali. Yule wa kwanza ana kura kama 27 au 28. Wa pili ana zaidi ya 70. Kiti cha Mzungu kimejazwa na Waafrika. Geuzeni upande wa pili: kiti cha Mwafrika, Wazungu wote wakijaza kura zao 15 kwa mtu mpole wanayempenda, haitoshi. Kengele waliyoitengeneza ili kumfunga mwingine shingoni, iliwalilia wenyewe. Sharti la kupiga tatu au kutohesabiwa lilikusudiwa kumlainisha Mwafrika. Likawa chombo cha kumpa neno la mwisho juu ya viti vyote, pale Waafrika walipokuwa wengi katika daftari na wakakubaliana.

Kukubaliana huko kulitaka kazi. Wakati ule TANU haikuwapokea Wazungu na Waasia kuwa wanachama. Kwa hiyo ilitazama kati ya waliosimama, ikachagua wa kuwaunga mkono, na habari zikapitishwa. Kaskazini Bibi Sophia Mustafa alisimama kwa kiti cha Mwasia, na Bwana Derek Bryceson kwa kiti cha Mzungu. Wote wawili waliingia Barazani. Kwa mpiga kura wa kawaida halikuwa jambo jepesi. Fikirini karani aliyetukanwa na Mzungu asubuhi kwa kuchelewa kwa faili, akaenda jioni kutia alama kwenye jina la Mzungu, kwa kupenda kwake mwenyewe, kwa sababu ameamini kwamba Mzungu huyu si yule. Twaona kwamba kura ile ya pili na ya tatu iliwafundisha watu kitu ambacho hotuba nyingi hazikuweza kukifundisha. Hatusemi kwamba sheria ilikuwa njema. Mtoto aweza kujifunza kuogelea kwa kutupwa mtoni Pangani, lakini hatumshukuru aliyemtupa.

Uchaguzi ulifanywa mara mbili. Majimbo matano yalipiga kura Septemba 1958, na Tanga, yaani sisi, ilikuwa mojawapo. Matano yaliyobaki yalifuata Februari 1959, na huko wengi walipita bila ya kupingwa. Katika Jimbo la Mashariki Bwana Nyerere mwenyewe alisimama, akamshinda Bwana Patrick Kunambi kwa kura nyingi. Na hapa pana jambo dogo ambalo sisi watu wa hesabu hatuwezi kulipita. Mwezi mmoja tu kabla ya kura, Agosti 1958, Bwana Nyerere alihukumiwa mahakamani kwa maneno aliyoyaandika juu ya mabwana wilaya wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa. Shilingi 3,000: ndiyo pauni 150, ndiyo mapato yale yale ya mwaka mzima yaliyotakiwa ili mtu aandikwe kuwa mpiga kura. Twadhani ilitokea hivyo tu, bila ya kukusudiwa. Lakini yatuonyesha kwamba fedha ile, kwa mkata mkonge, ilikuwa kama faini aliyotozwa kabla ya kukosa.

Matokeo mwayajua. TANU na wale iliowaunga mkono walichukua viti, na United Tanganyika Party haikupata hata kimoja. Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa: aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliandikwa, au mwenye mapato ya pauni 75. Viti vikawa 71; 50 vya wote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu; na TANU ikapata 70. Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Na mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, ndipo mkata mkonge wa Hale alipokwenda kupiga kura kwa kuwa ni mtu mzima wa nchi hii, bila ya kuulizwa mshahara wala darasa. Tangu karani alipoishika amana yake hata mwenyewe alipokuja kuichukua, ilipita miaka minne.

Vijana wataka kujua kama mambo ya kuchanganya namna za kura yamekwisha. Hayakwisha, yamebadilika sura. Leo mwenye kiti cha jimbo huingia Bungeni kwa kupata kura nyingi kuliko wenziwe, na pamoja naye wako wanawake wa viti maalum, ambavyo hugawanywa kwa vyama kwa kadiri ya kura vilizopata. Na katiba yataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Kama jambo hilo ni zuri au lapasa kutengenezwa, hilo ni shauri la mkutano mwingine, nasi twajua kwamba katika chumba hiki mna maoni zaidi ya mawili.

Twataka kurudi kwenye daftari. Mwaka 2015, mashine za kuchukua alama za vidole zilipoanza kutumiwa katika uandikishaji, tulikaa mezani katika kituo kimoja, tusikitaje. Akaja mama mmoja, umri wake umekwenda, kazi yake yote ilikuwa mkonge. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vidole vilikuwa laini kama mwiko wa zamani. Mistari yote imelika. Mwenzetu mmoja alimwambia arudi kesho. Akarudi. Akaambiwa tena kesho. Siku ya tatu tukaona haya. Tukakisoma upya kitabu cha maagizo, ambacho sote tulidai tumekisoma, tukakuta kwamba mtu asiye na alama za vidole ana njia yake ya kuandikwa, nayo si ngumu. Yataka dakika chache na karani aliye tayari kuzitoa. Mama yule akaandikwa. Hakutushukuru sana, wala hakuwa na sababu ya kutushukuru.

Mwaka 1958 mtu kama yeye alizuiwa na sheria. Mwaka 2015 sheria ilimruhusu, na aliyemzuia siku mbili alikuwa sisi.

Bwana Mwenyekiti, muda tuliopewa umepita, na twasikia garimoshi la ubishi wa wale vijana wawili limekwisha kuanza kupiga honi huko nyuma. Kabla ya kuketi tuna ombi moja kwa wazee. Kama yuko ye yote hapa, au huko Handeni, au Korogwe mjini, ambaye baba yake au mama yake aliandikwa katika daftari la 1958, na ana karatasi yo yote ya siku zile ndani ya sanduku, na amletee Bwana Katibu ainakili na kuirudisha, hatutaki kuichukua. Twataka majina. Hata kumi yatatosha kuanzia. Sasa aliye na swali na aulize.